Usinitangulie

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: tamthilia inanoga zaidi ukiimaliza yote kwa mkupuo, au ukipewa sehemu moja kila wiki? Mkasema jibu liwe na sababu. Langu ni refu kidogo, kwa kuwa nimeishi pande zote mbili: nimekuwa mtu wa kungoja, na nimekuwa mtu wa kuwakodishia wenzangu huo mkupuo.

Nianze na kungoja. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 10, tunaishi Dodoma. Julai ya mwaka ule Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Kila aliyetoka mkoa mwingine alikuja na habari za Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Sisi wa Dodoma hatukuupata. Saa ile kituo cha kwetu kilikuwa na vipindi vyake vingine.

Likizo ya Desemba nikapelekwa kwa mama mkubwa, Morogoro. Jioni ya kwanza ya mchezo nilikuta watu wameizunguka redio, majirani wawili wamekuja na vigoda vyao. Nikakaa nao, sikuambulia kitu. Wenzangu walicheka kabla mtu hajamaliza kusema, kwa sababu walimfahamu anayesema. Mimi nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu wasioonekana.

Kesho yake asubuhi tulikwenda bombani, na huko ndiko nilikoelewa. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo foleni na wanamjadili Tunu kama vile anaishi nyumba ya tatu: amwache yule mume au avumilie? Mmoja akasema avumilie, watoto watakula wapi. Mama mkubwa akamjibu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia nyumbani. Mchezo ulichukua nusu saa redioni, ukachukua siku tatu bombani. Nilipoondoka Morogoro nilikuwa na msimamo wangu kuhusu Tunu, na nilikuwa mtoto wa darasa la tatu.

Nilikuja kusoma baadaye sana kwamba kukosa kwetu Dodoma hakukuwa bahati mbaya. Watafiti walikuwa wameuacha mkoa wetu bila mchezo hadi mwaka 1995 ili waulinganishe na mikoa iliyosikiliza, waone kama kweli mchezo unabadilisha watu katika mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Walikuta unabadilisha. Tena waliandika kwamba wasikilizaji walikuwa wakiujadili na wake zao, na waume zao, na rafiki zao. Niliposoma hayo niliiona foleni ya ndoo.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2007 nilipata kazi kwenye laibrari ya muvi, mtaa wa pili kutoka stendi. Shilingi 500 diski moja kwa usiku mmoja. Nyingi zilikuwa za kudurufu, jambo ambalo leo nisingelifanya, lakini ndivyo mtaa ulivyopata kuangalia. Huo ulikuwa wakati wa sizoni. Watu walikuwa wameshachoka na filamu za saa mbili. Walitaka kitu kinachoendelea. Na kilichotoka kuliko vyote kilikuwa 24, ile ya Jack Bauer.

Kwa wasioifahamu: kila sizoni ni siku moja ya maisha ya stelingi, na kila sehemu ni saa moja ya siku hiyo. Sehemu 24, saa 24. Marekani ilianza kurushwa Novemba 2001, sehemu moja kwa wiki, kwa hiyo mtazamaji wa kule alingoja miezi zaidi ya sita ili siku moja ya Jack Bauer iishe. Mteja wangu aliichukua Ijumaa jioni akairudisha Jumapili. Ukitoa matangazo, sizoni nzima ni kama saa 17 za kuangalia, na wapo waliozikata kwa vikao viwili tu. Vijana walikuwa wakinigongea dirisha saa sita usiku wanataka diski inayofuata. Sehemu zile zilitungwa zikatishwe mahali pa kukufanya usilale wiki nzima, na hawa walikuwa na dawa yake kwa shilingi 500.

Nilikuwa napenda kuzungumza na wateja. Nikiwauliza wale wa Ijumaa hadi Jumapili ilikuwaje, jibu lilikuwa moja: "Kali sana!" Basi. Nikimuuliza mtu nani alimsaliti stelingi sizoni ya pili, ananitajia wa sizoni ya kwanza. Na kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima, aliyechukua diski moja kila Jumamosi, sehemu nne, wala hakukubali kuongezewa ya pili hata nilipompa bure. Akirudisha anasimama kaunta nusu saa. Ameshabishana na mumewe, ameshakisia nani mbaya, ameshamtafutia yule mbaya sababu za ubaya wake. Mimi niliyekuwa nimeiona yote nilijifunza mambo kutoka kwake. Aliona vitu ambavyo mimi vilinipita machoni.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitoa majibu ya jaribio lililonikumbusha kaunta ile. Waliwachukua wanafunzi 51 wakawaonyesha tamthilia moja ya Kiingereza yenye sehemu sita. Kundi moja liliangalia zote kwa kikao kimoja, la pili sehemu moja kila siku, la tatu sehemu moja kila wiki. Siku iliyofuata baada ya kumaliza, wa mkupuo ndio waliokumbuka zaidi. Lakini siku 140 baadaye kumbukumbu zao ndizo zilizokuwa zimeporomoka kuliko za wengine, na wa kila wiki ndio waliopoteza kidogo kuliko wote. Na wale wa mkupuo walisema wameifurahia tamthilia kidogo kuliko makundi mengine mawili. Wanafunzi 51 si wengi, lakini ningeweka dau langu kwa mwalimu wangu wa Jumamosi.

Tusidhani pia kwamba wenye mali walileta mkupuo kwa kutuhurumia. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix, wale wa kuangalia mtandaoni kwa malipo ya mwezi, walimwaga sehemu 13 za House of Cards kwa siku moja, ikawa habari dunia nzima. Ukimaliza sehemu moja, nyingine inajianzisha kabla hujainua mkono. Lakini Disney walipofungua huduma yao ya namna hiyo Novemba 2019, tamthilia yao kubwa waliitoa wiki kwa wiki, na mwaka 2022 Netflix wenyewe waliikata sizoni ya nne ya Stranger Things vipande viwili, kimoja Mei na kingine Julai. Anayelipa kwa mwezi akimaliza kila kitu kwa siku mbili, ana sababu gani ya kulipa mwezi wa pili? Kwa hiyo mkupuo ni biashara na wiki nayo ni biashara. Swali linalotuhusu ni kile kinachobaki kwetu.

Kuna na suala la bando, ambalo halihitaji maneno mengi. Saa moja ya picha ya kawaida hula kama GB 1, picha safi kama GB 3. Sizoni ya saa kumi piga hesabu mwenyewe. Wengi wetu mkupuo tunaupata kwenye flashi.

Ila swali lenu limeacha njia ambayo wengi tunaipita. Tamthilia nyingi zinazoangaliwa sebuleni kwetu hazingoji wiki wala haziji zote pamoja. Zinakuja jioni kwa jioni, saa ile ile, na mwisho wa wiki kuna marudio. Waarabu wana desturi hiyo mwezi wa Ramadhani: sehemu 30 kwa usiku 30. Hata kwenye lile jaribio la Melbourne kundi la kila siku halikuwa na cha kulalamikia. Mimi nipo hapo. Wiki naona ni ndefu, mkupuo naona ni upweke, na hilo la upweke nitalieleza kwa sababu lilinitokea na mama yangu.

Mama yuko Dodoma, mimi niliolewa Mwanza. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunafuata ile tamthilia ya Kituruki ya kasri la Sultani Suleiman, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Kwao Uturuki ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2014, sehemu 139, kila moja ndefu kama filamu. Huku nje huwa zinakatwa vipande vifupi, kwa hiyo ilikuwa safari ya miezi na miezi. Kila ikiisha, simu. Hatukuwa tukisalimiana. Mama alianza moja kwa moja: "Umemwona yule mwanamke?" Yule mwanamke ni Hurrem, mke wa Sultani. Mama hakumpenda hata siku moja. Mpenzi wake alikuwa Ibrahim Pasha, waziri mkuu, rafiki wa Sultani wa tangu ujana, mtu aliyetoka utumwani akapanda hadi kusimama kando ya kiti cha enzi.

Basi mwisho wa wiki mmoja mume wangu alisafiri, watoto wakawa kwa shangazi yao, nami nikagundua kwamba tamthilia nzima iko mtandaoni kwa Kituruki, na maandishi ya Kiingereza chini. Nikasema nitaangalia sehemu moja. Niliangalia hadi alfajiri, na usiku wa pili tena, mpaka nikamwona Ibrahim ananyongwa kwa amri ya rafiki yake.

Jumatatu mama akapiga simu kama kawaida. "Ibrahim hawezi kuangushwa na yule mwanamke," aliniambia. "Yeye na Sultani wamekula sahani moja." Nikasema, tuone, mama. Jumanne akaja na mpango mzima wa namna Ibrahim atakavyomtega Hurrem. Ulikuwa mpango mzuri, bora kuliko wa waliotunga tamthilia. Nikasema, inawezekana. Siku ya nne au ya tano akaniuliza, "Mbona siku hizi hunibishii?" Nikasingizia uchovu wa kazi. Zilikwenda wiki tatu hivyo. Nilikuwa naangalia sebuleni kwangu kitu nilichokwisha kukiona, nangoja simu ambayo sikuwa na cha kuijibu.

Mtu ataniambia kwamba Ibrahim Pasha aliuawa mwaka 1536, imo kwenye vitabu vya historia, angeweza kuisoma yeyote. Ni kweli. Lakini sebuleni kwa mama alikuwa hai kila jioni, anavaa vilemba vyake, na mama alikuwa akimtafutia njia ya kuokoka. Nami nilipaswa kuwa pamoja naye katika kuitafuta.

Usiku alipokufa, simu iliita kabla matangazo hayajaisha.

"Wewe ulikuwa unajua?"

Nikamwambia ndiyo, mama, nilikuwa najua tangu wiki tatu. Alinyamaza. Nilisikia televisheni yake ikitangaza sabuni. Kisha akasema, "Kumbe siku zote hizi nilikuwa naangalia peke yangu." Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitakia usiku mwema akakata.

Kwa hiyo, Mhariri, kwangu jambo kubwa ni kwamba watu wanaoangalia pamoja wawe wamefika mahali pamoja. Mkupuo hauwezi kutufikisha hivyo, kwa sababu hakuna watu wawili wanaomeza kwa mwendo mmoja: huyu ana zamu ya usiku, yule analala mapema, mwingine bando limeisha. Ratiba ya televisheni ndiyo inayotushika mkono wote, tajiri na maskini, Mwanza na Dodoma, tukawa tumeona yaleyale na hatujui yaleyale. Kutokujua pamoja ndiko kunakotupa cha kuzungumza.

Sisemi mkupuo hauna siku yake. Mwaka niliofanyiwa upasuaji nililala wiki mbili, na kijana wa jirani akaniletea flashi yenye sizoni tatu za tamthilia ya Kikorea. Nilikuwa na maumivu, sikuwa na haja ya kubishana na mtu. Ilinifaa sana. Na anayekesha peke yake kwenye lindo, au aliye safarini siku mbili kwenye basi, sitamwambia angoje Alhamisi. Ila ukiwa na mtu, usimtangulie. Nyumbani kwangu sasa hiyo ni sheria, na mume wangu aliivunja mara moja tu.

Mimi na mama tunafuata tamthilia nyingine siku hizi, ya hapahapa nchini. Alhamisi iliyopita umeme ulikatika kwetu dakika kumi kabla haijaanza, ukarudi saa tano usiku. Dodoma ulikuwapo, mama ameona. Marudio ni Jumapili. Nimempigia mara mbili kumwomba anidokeze tu, yule binti amerudi kwao au hajarudi. Amekataa. Anasema nikishaona ndiyo tutaongea.

Msomaji wenu,
Mwanza