Wagonjwa watatu, chungu kimoja: ninavyoipikia familia yangu

Wiki iliyopita majibu ya damu ya binti yangu yalitoka. Ana siliaki, ugonjwa ambao gluteni, yaani protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na rai, huufanya mwili uuharibu utumbo wake wenyewe. Kingamwili za ugonjwa huo zimeshuka mpaka kiwango cha kawaida. Daktari aligeuza kompyuta yake nione mwenyewe, kisha akaniuliza, "Mama, nani anampikia huyu mtoto?" Nikamjibu kwamba ni mimi. Sitaficha furaha yangu: nilitoka chumba kile kichwa juu. Siliaki haina kidonge wala sindano. Tiba yake ni chakula kisicho na gluteni, siku zote za maisha, na chakula hicho kimetoka jikoni kwangu.

Najua wengi mnaosoma hapa mnataka ninachokitaka mimi, yaani watu wa nyumba moja wakae meza moja, wale kitu kimoja, na asiwepo anayeamka na maumivu. Kwangu wagonjwa ni watatu. Binti ana siliaki. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ana kisukari na anajidunga insulini. Baba watoto ana presha. Kila mmoja alirudi kutoka kliniki na karatasi yake. Ya binti ilisema hakuna ngano, shayiri wala rai. Ya bibi ilisema punguza sukari na wanga mweupe. Ya mume ilisema chumvi, chumvi, chumvi.

Hakuna kliniki iliyonieleza nifanye nini karatasi hizo tatu zikikutana kwenye sufuria moja. Kila mtaalamu anamwona mgonjwa wake tu, lakini anayepika anawaona wote kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Chukua mkate wa dukani usio na gluteni. Binti anaula salama. Lakini mikate mingi ya aina hiyo hutengenezwa kwa unga mweupe wa mchele na wanga mtupu, nyuzinyuzi zake ni chache, na sukari ya bibi hupanda haraka akiula. Mtoto amepona, bibi ameumia. Au chukua vidonge vya supu vya kuongeza ladha: karibu vyote vimejaa chumvi, na baadhi vina ngano ndani. Mchuzi wa soya wa kawaida nao hutengenezwa kwa soya na ngano, halafu chumvi yake ni nyingi mno. Kijiko kimoja kinawagusa wawili kati ya watatu wangu.

Mama mmoja aliniandikia hivi karibuni kwamba kila jioni anapika vyungu vinne, halafu yeye mwenyewe anakula makombo akiwa amesimama. Mama, acha. Hiyo njia haina mwisho mwema. Mpishi akichoka huanza kukosea, na katika nyumba ya mgonjwa wa siliaki kosa ni mwiko mmoja tu uliotoka chungu hiki ukaingia kile. Pika chungu kimoja kwa kufuata masharti magumu kuliko yote, kisha wasio na masharti hayo waongeze wanachotaka kwenye sahani zao. Kwangu gluteni haiingii nyumbani kabisa, kwa sababu hata kidogo chake kinadhuru. Chumvi naitia kidogo sana wakati wa kupika, na anayetaka zaidi anajinyunyizia mezani. Wanga naupima kwa sahani ya bibi: nusu ya sahani mboga, robo nafaka au viazi, robo maharage, samaki, kuku au yai. Watoto wanaongezewa. Ndiyo siri yangu yote, na nitairudia mpaka mnichoke: chungu kimoja.

Kuna watakaosema, "Kwa nini wazima wanyimwe mkate wa ngano?" Hata kwangu swali hili liliulizwa, tena kwa sauti ya juu. Jibu langu ni vumbi na makombo. Unga wa ngano ukichekechwa jikoni hubaki hewani kwa muda, kisha unatua juu ya meza, masufuria na chakula kilicho wazi. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kila kilo moja. Kipande kimoja tu cha mkate wa ngano kina gramu mbili hivi za gluteni au zaidi. Piga hesabu mwenyewe uone punje ya mkate kwenye siagi inayotumiwa na wote inaweza kufanya nini. Na moto hauiondoi. Ukioka, ukichemsha, ukikaanga, gluteni ipo palepale. Mafuta yaliyokaangia vitu vya ngano hayafai tena kwa mtoto.

Anayetaka mkate wa ngano kwangu anaula nje, ananawa mikono kwa sabuni, ndipo anaingia. Kama wewe huwezi kuiondoa ngano nyumbani, basi tenga vifaa, na utenge kwelikweli: chujio, ubao wa mbao wa kukatia, mwiko wa mbao, sifongo la kuoshea vyombo, kibaniko cha mkate. Hivi vina matundu na nyufa, havisafishiki vikaisha. Sufuria ya chuma ikisuguliwa vizuri haina shida. Rafu ya juu iwe ya vyakula vya mtoto, kwa sababu makombo huanguka kwenda chini.

Nieleze kidogo tulikotoka, ili mnielewe ninapokuwa mkali. Binti yangu alikuwa na tumbo lililovimba, mikono myembamba, damu pungufu isiyopanda hata akipewa madini ya chuma. Tuliambiwa ni minyoo. Akapewa dawa ya minyoo, na baadaye akapewa tena. Tuliambiwa anachagua chakula. Mtu mmoja aliyevaa koti jeupe aliniambia mbele ya mtoto kwamba akina mama wa siku hizi hawajui kulisha. Neno lile bado linanichoma. Ilipokuja kupimwa damu na kuchukuliwa kipande kidogo cha utumbo, ikaonekana kuta zake zilikuwa zimelika, hazifyonzi chakula. Nilikuwa ninamlisha vizuri sana. Chakula kilikuwa hakiingii.

Na hapa nitawasihi mnaoshuku siliaki kwa watoto wenu: msiondoe ngano kabla ya vipimo. Nimeona wazazi wakifanya hivyo kwa nia njema. Ukiiondoa mapema kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kuonyesha kwamba hakuna ugonjwa wakati upo. Pima kwanza, badilisha chakula baadaye.

Wanaodhani haya ni mambo ya kudekeza watoto nawaambia wasome habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Wakati wa njaa kubwa ya nchi yake katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye siliaki aliokuwa akiwatibu walipata nafuu ilhali watu wote waliowazunguka walikuwa wanadhoofika. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Alikuwa akishuku ngano tangu kabla ya vita, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuhusu jambo hilo. Watoto walipona kwa kukosa mkate! Sasa mtu anaposimama mbele yangu na kusema "kipande kidogo hakiui", namwona kama mtu anayebishana na jambo lililokwisha kujulikana kabla yeye hajazaliwa.

Maneno hayo yalisemwa na ndugu yetu wa karibu, kwenye sherehe, baada ya kumpa binti yangu keki nikiwa nimegeuka. Alimpa kwa siri na kumwambia asiniambie. Usiku mtoto alitapika, tumbo likamsokota siku kadhaa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alijiona yeye ndiye mwenye hatia. Nimesamehe, lakini sijarudisha mazoea. Shangazi, wifi, bibi, jirani, sikilizeni: upendo wa kumpa mtoto kitu alichokatazwa si upendo. Kama unampenda, uliza anakula nini, umwekee hicho. Tunda zima halijawahi kumdhuru.

Sasa chakula chenyewe. Mchana na jioni si kazi kubwa kama watu wanavyoogopa. Mchele, viazi, mahindi, mtama, ulezi, muhogo, mayai, nyama, samaki, maharage na mboga havina gluteni kwa asili yake. Rafiki yangu mkubwa ni jamii ya kunde. Adesi, dengu na maharage zinawafaa wote watatu: hazina gluteni, sukari yake hupanda polepole, na ukizipika kutoka zikiwa kavu chumvi ni ile uliyoitia wewe. Lakini zichambue kwa mikono, kiganja kwa kiganja, kwenye sinia jeupe. Adesi hasa huvunwa na kusafirishwa pamoja na nafaka nyingine, na mimi nimewahi kukuta punje za shayiri ndani ya pakiti iliyofungwa. Chambua, suuza, ndipo uloweke. Oti nazo huchanganyika sana na ngano shambani na kiwandani, kwa hiyo kwangu hazikai isipokuwa zimethibitishwa kwenye pakiti, na hata hizo tulizianza baada ya kuzungumza na daktari, maana wapo wagonjwa wachache ambao oti zenyewe huwasumbua.

Chumvi niliipunguza kidogo kidogo bila kutangaza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hicho ni pamoja na iliyojificha kwenye mkate, jibini na vyakula vya kopo. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Pengo lake nililijaza kwa ndimu, siki, vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa vya kahawia, kitunguu saumu, tangawizi na bizari ninazosaga mwenyewe, kwa sababu viungo vilivyosagwa dukani wakati mwingine huongezewa unga. Usikimbilie chumvi mbadala bila kumuuliza daktari. Nyingi zina potasiamu, ambayo ni hatari kwa wenye figo dhaifu na kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha.

Mkate ndio ulionipa kazi, na ndio ninaojivunia. Unga wangu ni sehemu mbili za mtama usiokobolewa, sehemu moja ya dengu, sehemu moja ya wanga wa muhogo. Mtama na dengu ni kwa ajili ya bibi, wanga ni wa kulainisha. Gluteni ndiyo inayoshika hewa ndani ya unga wa ngano, kwa hiyo lazima uweke kitu kingine cha kushika: mimi natumia maganda ya isabgoli (mbegu ziitwazo pia psyllium), gramu 20 kwa kila gramu 400 za unga, nayaloweka kwanza kwenye maji mpaka yawe kama utelezi. Mbegu za kitani zilizosagwa nazo zinafaa. Mchanganyiko utakuwa laini na wenye kunata, hautakandika kama wa ngano, na usiongeze unga kuuokoa. Mimina kwenye chombo cha kuokea, uache uumuke mara moja tu, uoke kwa muda mrefu kuliko uliozoea. Usiukate ukiwa moto, ndani utakuwa kama gundi. Ukipoa kabisa kata vipande, vigandishe, kwa sababu mkate huu hukauka upesi.

Bibi anakula kipande kimoja na yai na mboga, tunapima sukari saa mbili baadaye, naandika kwenye daftari. Lile daftari ndilo tunalokwenda nalo kliniki, na kwa sababu yake dozi yake ya insulini ilirekebishwa, kwani chakula kilikuwa kimebadilika na dozi ilikuwa ileile ya zamani. Hili wengi hawalijui. Ukipunguza wanga kwa mtu anayejidunga insulini bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo hata katika nyumba yetu isiyotia sukari kwenye chai, sukari ipo. Pakiti ndogo ya juisi iko karibu na kitanda chake, nyingine kwenye mkoba wake. Kipimo kikisoma chini ya miligramu 70 kwa desilita, yaani 3.9 kwa kipimo cha milimoli, anapewa gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, tunasubiri dakika 15, tunapima tena. Akiwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, usimmiminie kitu mdomoni, ita msaada wa dharura. Watoto wangu wote wanajua ilipo ile juisi, na wanajua kwamba si ya kwao.