Foraminifera: tuwapange kwa ganda au kwa DNA? (jibu kwa mleta uzi)

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini kitabu chako cha zamani kinawapanga foraminifera, viumbe wadogo wa seli moja ambao wengi huishi baharini na kujijengea ganda, kwa umbile la ganda wakati makala za siku hizi zinawapanga kwa DNA. Pili, kama ukibeba nyundo ukaenda Tororo, mashariki mwa Uganda, utapata visukuku vyao kwenye chokaa.

La Tororo ni fupi: hupati kitu, ssebo. Jiwe lile la saruji ni kabonatiti, lilipanda kutoka chini likiwa magma; halikuwahi kuwa tope la bahari. Ukilidondoshea asidi linatoa povu kama chokaa yoyote, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Bonde la Albertine, magharibi mwa Uganda, nalo limejaa mashapo, lakini ya ziwa na mito. Wenzetu wa mafuta kule Hoima na Buliisa husoma umri wa tabaka kwa chavua na makombe ya konokono.

Mimi nafanyia mazoezi mchanga wa pwani. Shemeji yangu anaendesha lori njia ya Mombasa–Malaba, akirudi ananiletea mchanga kwenye chupa ya maji. Nauosha juu ya chekecheo la maikroni 63, naukausha, naumwaga kidogo kwenye sahani nyeusi chini ya hadubini, kisha naokota punje moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Usitumie koleo, utavunja.

Sasa tazama ukuta wa ganda, usikimbilie umbo. Quinqueloculina na Peneroplis ni weupe wa kaure, mwanga haupenyi: hao ni wa oda (fungu la kitaksonomia) ya Miliolida. Amphistegina anang'aa kama kioo, na ukiongeza ukuzaji unaona vitundu vidogo mno vimetoboa ukuta: huyo ni wa Rotaliida. Kuna wanaojijengea nyumba kwa kugandisha chembe za mchanga, ambao vitabu vya zamani viliwaweka pamoja kama Textulariida. Wengine wana utando laini tu, na hao ni nadra kuacha kisukuku. Asidi ijaribu kwa punje usiyoihitaji, maana ganda la chokaa linayeyuka lote. Tena isikuhakikishie kila kitu: baadhi ya wajenzi wa mchanga hutumia saruji ya chokaa, nao wanatoa povu.

Mpango huo wa ukuta ndio ulioko kwenye kitabu chako. Watafiti Loeblich na Tappan waliutandaza kwa kina mwaka 1964, wakaupanua tena miaka ya 1980. Kabla yao mambo yalikuwa vurugu. Mwanasayansi Mfaransa d'Orbigny, aliyewapa jina mwaka 1826, aliwahesabu kuwa jamaa wa pweza, kwa sababu ganda lenye vyumba vilivyojikunja linafanana na la nautilo, jamaa wa pweza mwenye ganda. Mfaransa mwingine, Dujardin, ndiye aliyewatazama wakiwa hai, akaona nyuzi za uteute zikitoka na kurudi, na mwaka 1835 akasema hawa ni viumbe sahili kabisa. Leo tunajua ni wa seli moja.

DNA imevuruga nini? Mwaka 2013 mtafiti Pawlowski na wenzake walipendekeza ngeli mbili (ngeli ni fungu kubwa kuliko oda) za wenye vyumba vingi: Globothalamea, ambao vyumba vyao ni vya mviringo, na Tubothalamea, ambao angalau mwanzoni chumba ni bomba. Wenye chumba kimoja wamebaki fungu la muda, kwa sababu hawatokani na tawi moja. Kilichonishtua mimi ni wajenzi wa mchanga: wametawanyika pande zote. Textulariida wengi wako upande mmoja na Rotaliida wa kioo. Kumbe aina ya ukuta imejirudia kwenye matawi tofauti, na namna vyumba vinavyoanza ndiyo inayosema zaidi kuhusu ukoo. Halafu yuko Reticulomyxa, wa maji baridi, asiye na ganda kabisa; DNA ilimwingiza kundini mwaka 1999. Kwa macho usingemdhania.

Lakini usitupe kitabu cha zamani. Fusulinida, kundi la foraminifera wa kale, walikwisha mwishoni mwa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 hivi iliyopita, na hakuna DNA ya kuchukua kwao. Hantkenina, foraminifera mwenye miiba, alitoweka miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka kwake ndiko alama ya mwisho wa enzi ya kijiolojia ya Eosini. Tabaka hilo limechimbwa vizuri kusini mwa Tanzania, ambako udongo wa mfinyanzi umehifadhi maganda yakiwa bado yanapitisha mwanga. Kazi yote hiyo ni ya macho na hadubini.

Na macho yana mitego yake. Nummulites, foraminifera wengine wa kale waliojaa kwenye mawe ya piramidi za Giza, wana maumbo mawili ndani ya spishi moja: kizazi kimoja ni kidogo chenye chumba cha kwanza kikubwa, kingine ni kikubwa chenye chumba cha kwanza kidogo sana. Watafiti wa zamani waliwapa majina mawili ya spishi. Ukiona jozi ya namna hiyo kwenye jiwe moja, wakate katikati upime chumba cha kwanza kabla hujaandika jina.

Kwa hiyo mezani mimi naandika oda kwa ukuta, na pembeni naandika ngeli ya 2013 pale ninapoona vyumba vya mwanzo. Ukipata mchanga wako weka picha humu, upande wenye tundu kuu la ganda (mdomo wake, si vile vitundu vya ukuta) uonekane, maana bila tundu hilo jenasi tutabahatisha tu.