Madeni matatu, mshahara mmoja: nianze na lipi?

SWALI: Habari mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro. Nina mkopo wa benki, salio milioni 3, riba asilimia 17 kwa mwaka, unakatwa kwenye mshahara. Kikoba wananidai 300,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Halafu kuna kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa: 400,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, na kadi yangu ya benki anayo yeye. Baada ya matumizi ya nyumbani nabakiwa na 180,000. Nusu nampa kausha damu, nusu kikoba. Mume wangu anasema tumalize kikoba kwanza kwa kuwa ndilo deni dogo. Benki nao wananiita niongeze mkopo. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Umefanya vizuri kuyaandika yote kwa tarakimu, maana wengi wanaonijia hawajui hata jumla ya wanachodaiwa.

Deni lipime kwa riba unayotozwa kila mwezi, siyo kwa ukubwa wake. Milioni 3 za benki zinakutoza riba ya kama 42,500 kwa mwezi. Laki 4 za kausha damu zinakula 80,000! Ukimpa 90,000, deni lenyewe linapungua 10,000 tu. Mume wako ana hoja, kwani kufunga deni moja kunatia moyo, na kama riba zingekaribiana ningemuunga mkono. Hapa zimeachana mno.

Zungumza na mwenyekiti wa kikoba, omba ulipe riba tu, 15,000, kwa miezi michache. Zile 165,000 zinazobaki zote ziende kwa kausha damu. Mwezi wa kwanza deni litashuka hadi 315,000, wa pili 213,000, wa tatu 90,600, na wa nne unamaliza na chenji ya 56,280 inabaki mkononi. Kuanzia hapo 180,000 nzima inahamia kikoba.

Hesabu hiyo inasimama iwapo atakubali kupokea kidogo kidogo na kutoza riba kwenye salio. Wengi wao hukataa: ama riba peke yake, ama deni lote kwa mkupuo. Akikataa, mpe 80,000 zake, na 85,000 uziweke mahali usipozigusa. Mwezi wa tano utakuwa na 425,000. Muulize pia leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe nayo.

Kuhusu benki, sikukatazi moja kwa moja. Kuhamisha laki 4 kutoka asilimia 20 kwa mwezi kwenda 17 kwa mwaka ni nafuu kubwa, mradi uchukue laki 4 hizo tu na tarehe ya kumaliza isisogezwe. Wakikushawishi uchukue milioni 3 nyingine na kuanza miaka upya, ondoka. Uliza riba inapigwa kwenye salio au kwenye mkopo wote wa mwanzo, na kumbuka kwamba baada ya makato lazima ubakiwe na theluthi moja ya mshahara wako wa msingi.

Siku ya kumlipa kausha damu nenda na shahidi. Akuandikie kwamba hakudai tena, akurudishie kadi, kisha siku hiyohiyo ubadilishe namba ya siri.