Misuli ikiuma baada ya kuchuma karafuu
Mdogo wangu wa Wete, hiyo sindano ya misuli unayoniuliza usinunue. Unasema siku ya pili baada ya kuchuma karafuu mikono haikunjuki, na mwenzako kakwambia msuli ukichanika ndo basi tena. Kapatia nusu: uzi wa msuli wenyewe haugawanyiki kuzaa uzi mwingine. Lakini ubavuni mwake zimelala seli za akiba, ziitwazo setilaiti, alizozieleza mtafiti Alexander Mauro mwaka 1961. Uzi ukiumia zinaamka, zinazaana, kisha protini iitwayo MyoD inashika DNA na kuwasha jeni za msuli. Protini nyingine, miojenini, inafuata, seli zinaacha kugawanyika na kuungana na ule uzi ulioumia. Mwaka 1987 watafiti Marekani waliitia MyoD kwenye seli zisizo na habari na msuli, zikageuka msuli! Hadi leo hunishangaza.

Sasa, kazi hiyo haimaliziki usiku mmoja. Siku mbili hizi waachie wenzako kukwea mikarafuu, wewe kaa jamvini uchambue karafuu. Kula dagaa, choroko, unywe maji. Ila mkojo ukitoka rangi ya kahawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.