Wanatuambia tukae pembeni

Swali la wiki ambalo mhariri alituuliza wasomaji lilikuwa hili: mwendesha pikipiki afanye nini akikutana na dereva mkorofi, au dereva asiye makini, kwenye barabara kuu? Jibu ambalo watu wengi hulitoa haraka ni kwamba akae pembeni. Trafiki wengine husema hivyo, wazazi husema hivyo, hata abiria uliyempakia hukugonga bega akuambie usogee ukingoni. Mimi nalipinga jibu hilo kwa moyo wangu wote, kwa sababu naamini linaua.

Mimi ni afisa ugani wilayani Muheza. Mwaka 2022 serikali ilipogawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, wengi wetu tulikuwa watu wa njia za shamba: mchanga, tope la masika, mbuzi waliolala njiani. Barabara kuu ni jambo jingine kabisa. Barabara ya Tanga hadi Segera ndiyo inayobeba kila kitu cha upande wetu. Saruji inatoka Pongwe, mafuta yanatoka bandarini, mkonge unatoka mashambani, Fuso zinajaza machungwa Muheza, na mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha yanawahi. Njia ni moja ya kwenda na moja ya kurudi. Katikati ya vyote hivyo yupo binadamu aliyekaa juu ya chombo chenye uzito wa kilo mia na kidogo, bila mlango wala mkanda.

Sasa tazama huko pembeni tunakotumwa. Ukingo wa lami ndiko uchafu wote unakoishia: changarawe, mchanga uliosombwa na mvua, vipande vya tairi zilizopasuka. Mahali pengine lami imemeguka na kuacha ngazi inayoshuka hadi kwenye udongo. Tairi la mbele likishuka hapo, kushuka si tatizo sana. Kinachoangusha ni kujaribu kulirudisha juu ukiwa kwenye mwendo. Watoto wa shule wako huko huko, baiskeli ziko huko, na msimu wa machungwa ukifika kuna magari yameegeshwa nusu ndani nusu nje.

Lakini hatari kubwa zaidi iko nyuma yako. Ukikaa ukingoni, dereva anayekuja anaona njia yote iliyobaki ni yake. Hahitaji kuvuka mstari wa kati, wala hahitaji kungoja gari la mbele lipite kwanza. Anakupita hapo hapo, ubavu wa basi ukiwa karibu kugusa usukani wako. Na upepo wa gari kubwa haukusukumi mara moja tu. Pua ya basi inapokufikia hewa inakusukuma nje, na mkia unapokuacha hewa inakuvuta kuelekea ndani. Aliyeko katikati ya njia yake ana nafasi ya kuyumba na kurudi. Aliyeko ukingoni msukumo wa kwanza tu unamtupa kwenye ngazi ile niliyoisema.

Kijana mmoja wa kijiweni Muheza aliniuliza, "Mama, mbona unakaa barabarani kama gari?" Nikamwambia, "Kwa sababu sheria inanihesabu hivyo, mwanangu. Nina namba ya usajili, nina leseni, na njia hii ni yangu mpaka nitakapoamua kumpisha mtu." Akatikisa kichwa. Nilimwelewa, maana yeye hushinda barabarani kutwa nzima akipigiwa honi na kila chombo chenye magurudumu manne. Honi nyingi namna hiyo humfanya mtu aamini kweli kwamba amepanda mahali pasipo pake.

Mahali pangu mimi ni pale zinapopita tairi za kulia za magari ya upande wangu. Katikati kabisa ya njia napaepuka kwa sababu ndipo oili hudondokea, na mvua ikianza tu panateleza. Nikiwa kwenye alama ya tairi za kulia, dereva wa mbele ananiona kwenye kioo chake, na mimi naona mbele yake. Wa nyuma yangu analazimika kufanya uamuzi kamili: angoje, au avuke mstari aniovateki kama anavyoliovateki gari. Gari kubwa likija kutoka mbele, nahamia alama ya kushoto ili upepo wake usinikute karibu. Likishapita, narudi.

Mhariri aliwataja kwa pamoja dereva mkorofi na dereva asiye makini. Kwangu ni watu wawili tofauti, na kila mmoja ana dawa yake.

Asiye makini hana ubaya nawe. Hakukuona tu. Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza katika eneo la Los Angeles. Pale pikipiki ilipogongana na gari, mara mbili katika kila tatu gari ndilo lililoingilia njia ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita, na madereva wengi walisema hawakuiona pikipiki au waliiona wakati umeshapita. Los Angeles na Muheza ni mbali, lakini macho ya binadamu ni yale yale. Kitu kidogo kikija kwako kinaonekana kiko mbali na kinakuja taratibu. Ndiyo maana yule wa Noah anayesubiri kukata kulia anakutazama usoni kabisa, kisha anaingia mbele yako. Ukifika njia panda, kama pale magari yanapoingilia kutoka upande wa Amani, usitazame uso wa dereva. Tazama tairi lake la mbele. Tairi likianza kuzunguka, amekwisha kuamua. Vidole viwe tayari juu ya breki na mafuta yawe yamepungua kabla hujafika.

Mtu wa namna hii anasaidiwa kwa kuonekana. Taa ya mbele iwake mchana kutwa. Malaysia waliifanya kuwa sheria kwa pikipiki mwaka 1992. Riflekta ivaliwe hata jua linapowaka. Na jua lenyewe lijulikane. Asubuhi ukitoka Tanga kuelekea Muheza jua liko mgongoni mwako, nawe unaona kila kitu vizuri. Anayekuja kutoka mbele ndiye limemjaa machoni. Ukiona kivuli chako kimelala kirefu mbele ya tairi lako, elewa kwamba huyo wa mbele haoni, endesha kama mtu asiyeonekana. Jioni, ukirudi na barabara ile ile ukitoka Tanga, jua linakupiga wewe usoni, na anayekosa kuona ni wewe pamoja na anayekufuata nyuma.

Kuhusu simu nitasema kwa ufupi, kwa sababu hesabu yake inatosha. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia ujumbe kwa sekunde tatu, amekwenda mita 66 bila mtu kwenye usukani. Ukimwona mbele yako anapepesuka ndani ya njia yake, anapunguza mwendo bila sababu kisha anaongeza, usikae naye karibu. Mwache aende zake.

Mkorofi anakuona vizuri sana. Anakuja nyuma, anakuganda, anapiga honi, anawasha full. Hapa wengi hufanya jambo moja kati ya mawili, na yote ni mabaya: ama huvuta mafuta ili wamkimbie, ama hutupa pikipiki ukingoni kwa hofu. Ukimkimbia utamkuta bado yuko nyuma yako, isipokuwa sasa nyote wawili mna kasi kubwa zaidi. Mimi hufanya kinyume. Naongeza nafasi iliyo mbele yangu, ili chochote kikitokea huko nisilazimike kukanyaga breki ghafla na yeye yuko mgongoni. Nagusa breki kidogo, taa iwake mara mbili tatu, ajue ninapunguza. Kisha natafuta mahali ninapopataka mimi: kituo cha basi, mdomo wa njia ya shamba, sehemu ambayo bega la barabara ni pana na gumu. Naonyesha indiketa ya kushoto mapema, natoka taratibu, anapita. Kumpisha si kushindwa. Tofauti yake na kukaa pembeni ni kwamba hapa nimechagua mwenyewe wapi na lini.

Haya yote yanahitaji vioo viwili na taa ya breki inayowaka. Naomba vijana wa kijiweni wanisikie kwa hili hata kama mengine watayakataa. Vioo hung'olewa ili pikipiki ipenye kwenye foleni mjini, halafu pikipiki hiyo hiyo inapelekwa Segera. Na swichi ya breki ya nyuma hufa kimya kimya. Kila asubuhi kanyaga pedeli, geuka utazame. Kumbuka pia kwamba ukipunguza mwendo kwa kushusha gia, taa haiwaki, na wa nyuma hana habari.

Nimebakiza ukorofi mmoja ambao kwa huo sina ujanja wa kujivunia. Ni wa basi au lori linaloovateki likija kwako uso kwa uso. Dereva ameona mbele kuna pikipiki tu, akahesabu kwamba njia ni tupu. Anakupigia taa, maana yake toka. Hapa sheria iko upande wako, lakini sheria haitakuwa imefika bado. Hapa toka. Ndiyo sababu kila ninapopanda kilima au kuingia kwenye kona napunguza mwendo na kujiuliza swali moja: basi likitokea sasa hivi upande wangu, mimi naenda wapi? Kama jibu ni mtaro au ukuta wa daraja, mwendo wangu unashuka tena. Breki ya mbele isikamatwe kwa nguvu ukiwa umeshaingia kwenye changarawe. Punguza mwendo ukiwa bado kwenye lami, kisha shuka pikipiki ikiwa imenyooka.

Kuovateki kwa namna hiyo hakuui wenye pikipiki peke yao. Februari 2023, usiku, Kosta iliyokuwa imebeba wafiwa na mwili wa ndugu yao kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Rombo iligongana na Fuso mkoani kwetu, upande wa Korogwe. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha. Taarifa iliyotolewa ilieleza kwamba Fuso lilikuwa likijaribu kulipita gari jingine. Na tangu mwaka huo mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, barabara hii hailali. Mwenye pikipiki anayeweza kuahirisha safari hadi kupambazuke, aahirishe. Asiyeweza, akipigwa taa kali asizitazame. Atazame mstari wa kushoto wa barabara na apunguze mwendo mpaka macho yarudi.

Kofia ngumu sitaijadili kwa urefu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ulikuta kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ifungwe kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Kwa madereva nina ombi, nalo nalitoa kwa heshima kwa sababu najua wengi wao wana bosi anayewapigia simu kuuliza wamefika wapi. Unapoipita pikipiki, hama njia yote, kama unavyofanya kwa gari. Ufaransa sheria inamtaka dereva aache walau mita moja na nusu anapompita mwenye baiskeli nje ya mji. Hapa hatuhitaji kungoja sheria ituambie nafasi ya kutosha ni ipi. Ukishampita, usimchomekee mara moja. Ngoja umwone mzima kwenye kioo. Kwenye kibao cha 50 nenda 50, maana hapo ndipo bodaboda wanapotoka vijiweni na abiria. Na gari zito linalozidi tani tatu na nusu mwisho wake kisheria ni 80, hata barabara ikiwa nyeupe kabisa.

Tena nawageukia abiria wa mabasi, maana kila jibu la swali kama hili huwaacha nje. Nyinyi mnaokaa viti vya mbele mnaona yote. Mnaona simu mkononi mwa dereva, mnaona anavyokuja kumganda mtu wa pikipiki, mnaona mstari usiokatika anaouvuka kwenye kilima. Nimepanda mabasi hayo pia, na nimeona jinsi watu arobaini na zaidi wanavyonyamaza wakimwachia Mungu. Sauti moja ikisema, "Dereva, weka simu chini, kuna mtu mbele," kondakta anageuka, wengine wanadakia, na mguu unatoka kwenye mafuta. Msiposikilizwa, namba ya polisi ni 112 na namba ya gari imeandikwa kwenye tiketi yenu. Pigeni mkiwa bado njiani, kabla hamjafika stendi ya Kange, wakati yule aliye mbele na pikipiki yake bado anaendesha.

Msomaji wenu,
Afisa ugani, Muheza, Tanga