Hasimu Asiyesahau: Maswali Yenu Kuhusu Shadow of Mordor

*Ndugu Mhariri, nacheza Middle-earth: Shadow of Mordor kwenye kompyuta, na kuna kapteni mmoja mwenye shoka ambaye ameniua mara nne. Kila nikirudi namkuta ana nguvu kuliko nilivyomwacha, na siku hizi hunisimanga kwanza kabla hatujapigana. Je, gemu yangu ina hitilafu? Nianze upya? – Msomaji, Morogoro*

Gemu yako ni nzima, ndugu msomaji, na huyo kapteni anatimiza kazi aliyotungiwa. Katika michezo mingi ya mapigano, ukifa unarudishwa nyuma kidogo kana kwamba kifo hakikutokea: adui anakungoja pale pale, wala hana habari kwamba mlikwisha kukutana. Studio ya Monolith ya jimbo la Washington, Marekani, iliyotengeneza mchezo huu mwaka 2014 katika dunia aliyoibuni mwandishi J.R.R. Tolkien, iliamua kwamba kifo cha mchezaji kitakuwa tukio la kweli ndani ya hadithi. Talion, mlinzi wa Lango Jeusi, anauawa mwanzoni pamoja na mkewe na mwanawe, kisha anaunganishwa na mzimu wa Celebrimbor, mhunzi wa kale aliyefua zile pete mashuhuri, na tangu hapo anauawa lakini hafi akaondoka. Kila anaporudi, siku huwa zimesonga, na aliyemuua huwa amepata la kujivunia mbele ya wenzake. Akiwa ni kapteni, huongezewa nguvu. Akiwa ni askari wa kawaida aliyekuchoma mkuki kwa kubahatisha tu, hupandishwa cheo, akapewa jina, mavazi mapya na nafasi katika safu ya makapteni, na akibahatika zaidi aweza kuwa mmoja wa majemadari watano wa eneo lake.

Mimi mwenyewe nilimpata hasimu wangu kwa njia hiyo ya aibu. Nilikuwa nikipambana na kapteni mwingine kabisa, nimebakiza uhai kidogo sana, ndipo mpiga mishale asiye na cheo wala jina, aliyekuwa amesimama juu ya ukuta uliobomoka, akanimaliza kwa mshale mmoja. Nilipomwona tena alikuwa na jina. Nikamchoma moto, nikadhani yamekwisha. Baada ya muda akatokea nusu ya uso ikiwa imebabuka, na kabla hajanirushia hata mshale mmoja akanieleza kwa kirefu habari za moto ule. Nakiri kwamba nilimchukia yeye kuliko Sauron, ambaye ndiye mwovu wa hadithi nzima lakini hakuwahi kunifanyia jambo lolote binafsi.

Sasa tuje kwa huyo wako wa shoka. Usimwendee kichwa kichwa mara ya tano. Fungua ukurasa unaoonyesha jeshi la Sauron, umtafute, uangalie kama sifa zake zinasomeka au bado zimefichwa. Zikiwa zimefichwa, tumia macho ya mzimu kuwatafuta Uruk, yaani askari wa jeshi hilo, wanaong'aa kwa rangi ya kijani, kwa kuwa hao ndio wenye siri. Mkamate mmoja, mbane, naye atakueleza nguvu na udhaifu wa kapteni unayemtaka. Hapo ndipo utakapogundua kwa nini umekufa mara nne. Kuna kapteni asiyedhurika kwa mishale, kuna ambaye ukimnyemelea kwa nyuma hupati kitu, kuna ambaye moto humtia hasira badala ya woga, na kuna jitu la kutisha ambalo likimwona caragor, yule mnyama mkali mwenye kuwinda kwa makundi, hutimua mbio likaacha askari wake wakishangaa. Kama huyo wako anaogopa caragor, mwendee ukiwa umempanda mmoja, na shughuli itakuwa fupi. Ukipata nafasi ya kumkata kichwa, mkate, kwa maana katika mchezo huu wa kwanza aliyekatwa kichwa harudi, ilhali aliyeungua, aliyepigwa mshale wa kichwa au aliyeanguka kutoka juu aweza kukutokea tena na kovu lake na malalamiko yake.

Usianze upya. Ukimshinda, kapteni aliyekua kwa kukuua hukuachia runi, yaani alama ya kuongezea silaha yako nguvu, iliyo bora zaidi, na wapo wachezaji wazoefu ambao kwa makusudi humtumia kapteni kitisho cha kifo kupitia askari wake, ili ajizatiti na kuongeza walinzi, kisha wavune runi hiyo nzuri. Wewe umepata bure kile ambacho wao wanakitafuta kwa hila.

*Mhariri, mwanangu wa miaka 15 ananiambia kwamba maadui wa mchezo huu "wanamsoma". Jambo hilo limenitia wasiwasi. Je, mashine inakusanya habari zake? Na kwa umri wake, unamfaa? – Mzazi, Arusha*

Hapana anayemsoma kijana wako, bali kuna daftari linaloandikwa. Ndani ya faili ya mchezo wake huwekwa kumbukumbu kwamba Uruk fulani alikutana naye, aliuawa kwa njia fulani au alimuua, alikimbia au alikimbiwa. Uruk mwenyewe ametungwa kwa vipande vinavyochanganywa, yaani jina, lakabu, sura, sauti, silaha, nguvu na hofu, na kwa kila aina ya tukio yapo maneno ambayo waigizaji walikwisha kuyarekodi studioni. Wanapokutana tena, programu hulitazama daftari, ikaona kwamba mara ya mwisho huyu alichomwa moto, kisha ikachagua maneno yanayohusu moto na uso wenye kovu. Kijana anaposikia tukio lake likitajwa kwa usahihi, ni haki yake kushtuka, lakini aliyeyasema maneno yale alikuwa mwigizaji ambaye hakumjua wala hakumkusudia.

Mchezo uliofuata, Shadow of War wa mwaka 2017, ulilipeleka jambo hilo mbele zaidi. Humo wapo makapteni ambao, ukiwapiga kwa mbinu ile ile mara kwa mara, huizoea wakaizuia katikati ya pambano, na wapo wafuasi wako mwenyewe wanaokusaliti siku usiyotarajia, na wengine wanaokuokoa panga likiwa tayari shingoni. Hata hilo nalo ni hesabu na bahati nasibu, wala si akili inayomfahamu mtu.

Kuhusu umri, jibu ni fupi. Marekani mchezo huu umewekewa kiwango cha miaka 17 na kuendelea, na Ulaya miaka 18. Vichwa hukatwa, na picha husogezwa karibu ili ionekane wazi. Kwa mtoto wa miaka 15 mimi nisingeununua.

*Nasomea kutengeneza programu na ningependa siku moja kutunga gemu yenye maadui wa namna hii. Mbona ni zaidi ya miaka kumi na hakuna walioiga? Nasikia imepigwa marufuku. – Mwanafunzi, Nairobi*

Haikupigwa marufuku, ina hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi. Kampuni ya Warner Bros. iliyochapisha mchezo huo ilipewa hataza ya Marekani kwa mfumo wa Nemesis, ndilo jina la utaratibu huu wa maadui wanaokumbuka, mwezi Februari 2021, na muda wake unakwenda hadi mwaka 2036. Hataza hailindi wazo la jumla kwamba adui ana kumbukumbu. Inalinda namna mahususi ya kuunganisha mambo kadhaa pamoja: wahusika wanaobadilika kutokana na matendo ya mchezaji, ngazi za vyeo wanamopanda na kushuka, na matokeo hayo kuonekana katika sura na maneno yao. Ni hataza ya Marekani, lakini anayetaka kuuza gemu yake huko, na karibu kila mtu anataka, sharti aisome akiwa na wakili.

Hata hivyo, binafsi naona hataza inatwishwa lawama kuliko stahili yake. Kati ya mwaka 2014 na 2021 milango ilikuwa wazi, na bado walioingia walikuwa wachache. Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018 ina safu ya mamluki wanaomwinda mchezaji, na Warframe iliongeza mwaka 2019 hasimu ambaye wewe ndiwe unayemzaa, kisha anakuandama na kukua. Ugumu mkubwa ni gharama na umbo la mchezo wenyewe. Maneno hayo yote sharti yaandikwe na kurekodiwa, mengi yakiwa ni ya matukio ambayo mchezaji mmoja huenda asiyaone kamwe, na hadithi nzima sharti ikubali kwamba shujaa atashindwa mara nyingi bila mambo kuharibika. Talion aliumbwa asiyekufa kwa sababu hiyo. Huwezi kuchukua mchezo wa kawaida ukaubandikia Nemesis juu, kama vile huwezi kutia hamira mkate ukiwa umekwisha kuiva.

Monolith, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilifungwa na Warner Bros. Februari 2025, ikiwa katikati ya kutengeneza mchezo wa Wonder Woman ambao ulikuwa utumie mfumo huo huo. Hataza imebaki, waliokuwa na ujuzi wa kuitumia wametawanyika.

*Nimepata diski ya mchezo huu ya PS3 kwa bei nzuri. Ninunue? – Msomaji, Tanga*

La. Toleo la mashine za zamani lilitengenezwa na studio nyingine, na mfumo wa Nemesis ulipunguzwa ili mashine iweze kuubeba. Utapata panga na mishale, lakini kile tunachokizungumzia katika ukurasa huu utakipata kwa uchache. Tafuta la PS4.

*Shikamoo Mhariri. Sisi tunacheza kwenye banda la gemu hapa mtaani, tunalipia kwa saa. Juzi ndiyo mara yangu ya kwanza kushika padi ya mchezo huu, lakini Uruk mmoja akaniambia kwamba alishaniua na kwamba nilimharibu jicho. Mimi sikumfanya kitu. Kwa nini? – Mwanafunzi wa sekondari, Mwanza*

Marahaba. Uruk yule hakukosea. Umekaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Kumbukumbu zake zimo ndani ya faili ya mchezo iliyohifadhiwa kwenye mashine, na kama banda lenu linatumia akaunti moja kwa wateja wote, basi Talion ni mmoja na nyote mnamrithi kwa zamu. Jicho lile lilitobolewa na mteja wa jana au wa wiki iliyopita, na deni limekukuta wewe. Mwombe mwenye banda akufungulie akaunti nyingine uanze mwanzo, ili kila Uruk atakayekuchukia awe na sababu yako mwenyewe. Ila kama hamjali kushirikiana, ulizia pale ni nani aliyempiga jichoni, kwa kuwa huenda anajua pia udhaifu wake.