Sanduku la Wasomaji: Mwaka wa Mwisho wa Humanite

Mtoto wangu yuko darasa la nne la humanite (sekondari ya juu), opsyo (mchepuo) ya sayansi, katika shule binafsi. Kwenye interogasyo (majaribio ya darasani) za hesabu alikuwa akileta asilimia 70, nami nikatulia. Sasa buleti (ripoti ya alama) ya muhula wa kwanza imekuja, hesabu imepigwa mstari mwekundu. Mwalimu amemwonea, ama mimi ndiye sijui kusoma buleti?
*Mama wa Kampemba, Lubumbashi*

Yambo Mama. Kabla ya kumwendea mwalimu, shika buleti uangalie safu ya mtihani. Kila muhula una vipindi viwili na mtihani mmoja, na mtihani una uzito wa vipindi vyote viwili pamoja. Kama hesabu inahesabiwa juu ya 40 kwa kipindi, mtihani wake ni juu ya 80 na muhula mzima ni juu ya 160. Tuseme mtoto alipata 29 kipindi cha kwanza, 27 kipindi cha pili, halafu 22 kwenye mtihani. Jumla ni 78 juu ya 160. Vipindi vilikuwa asilimia 70 kweli, ila mtihani umemshusha chini ya nusu, na hakuna aliyemwonea.

Mwaka haujapotea. Nusu ya mwaka mzima ni 160 juu ya 320, kwa hiyo anahitaji 82 katika muhula wa pili. Akipata 24 na 24 kwenye vipindi, zinabaki 34 za kutafuta kwenye mtihani wa mwisho. Mwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi, aibandike mahali anaposomea. Kijana anayejua ni pointi ngapi anatafuta husoma vizuri kuliko anayeambiwa tu “soma sana”.

Halafu tazama kiwango cha juu cha kila somo, kwa sababu masomo hayalingani. Kushindwa somo la juu ya 40 kunamwondolea pointi nyingi kuliko kushindwa somo la juu ya 10, hata kama asilimia ni ileile. Wanafunzi wengi hutumia jioni nzima kunakili vizuri daftari la somo dogo kwa kuwa ni jepesi, huku fizikia ikisubiri.

Kwa nini interogasyo zinakwenda vizuri na mtihani unaanguka? Interogasyo inashika sura moja au mbili za majuzi. Mtoto anasoma usiku wa kuamkia, anaandika, na wiki ijayo imetoka kichwani. Mtihani unarudi nyuma mpaka mwanzo wa muhula. Dawa yake ni kazi ya kila Jumamosi baada ya masomo: mazoezi matano bila kufungua daftari, mawili ya sura ya sasa na matatu ya sura za zamani. Zoezi aliloshindwa aliandike kwenye daftari la pekee, pamoja na mstari mmoja unaosema alikosea wapi, na alirudie baada ya siku saba. Asilirudie usiku uleule, maana atakuwa anakumbuka jibu bila kujua njia.

Jambo la mwisho, Mama: muombe prefe wa masomo (mkuu wa shule) au titulere (mwalimu wa darasa) akuruhusu kuona kopi ya mtihani. Pointi zilizopotea zigawe mafungu matatu: asiyoyajua, aliyoyajua lakini akakosea kuhesabu, na ambayo hakuyafikia kabla ya saa kwisha. Fungu la tatu likiwa kubwa, kumlipia mwalimu wa nyumbani hakutasaidia. Anachokosa ni kufanya mazoezi huku saa ikiwa mezani.

Mimi ni finalisti (mwanafunzi wa mwaka wa mwisho) wa Commerciale, opsyo ya biashara. Balansi yangu (orodha ya jumla za akaunti zote) haikai sawa hata siku moja, na kosa linanila saa nzima kulitafuta. Mnatafutaje?
*Mwanafunzi, Katuba*

Mdogo wetu, usianze kuhakiki mstari kwa mstari. Anza na tofauti yenyewe kati ya debi (upande wa kushoto) na kredi (upande wa kulia).

Igawe kwa mbili. Tofauti ikiwa 160.000, tafuta 80.000 katika jurnali, daftari la miamala ya kila siku: pengine umeiandika upande usio wake. Usipoipata, gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu au umeangusha sifuri. 63.000 iliyoandikwa 36.000 inaacha tofauti ya 27.000. 580.000 iliyoandikwa 58.000 inaacha 522.000, na 522.000 ukiigawa kwa 9 unapata 58.000 yenyewe, basi unajua namba ya kutafuta. Isipogawanyika kwa njia yoyote, angalia kama kuna akaunti ambayo hukuihamisha kwenye kitabu kikuu.

Ila balansi iliyokaa sawa bado inaweza kuwa na makosa. Chukua manunuzi ya bidhaa kwa mkopo, franka 500.000 bila TVA (kodi ya ongezeko la thamani). TVA yetu ni asilimia 16, yaani 80.000. Debi: akaunti 601 kwa 500.000 na akaunti 445 kwa 80.000. Kredi: akaunti 401, muuzaji, 580.000. Wengi huweka 580.000 yote kwenye 601. Pande mbili zinalingana, mwanafunzi anafurahi, na mkaguzi anakata pointi: TVA ile ni dai lako kwa Serikali, si gharama ya duka lako. Baada ya hapo usisahau kuingiza bidhaa kwenye stoki: debi 311, kredi 6031, kwa 500.000. Nusu ile ya pili ya kazi ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu kwenye ankara haionekani popote.

Jifunze madarasa ya mpango wa akaunti wa OHADA (umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara) kwa maana yake, kwani tarakimu ya kwanza ya akaunti ndiyo darasa lake: 1 mitaji na mikopo ya muda mrefu, 2 mali za kudumu, 3 stoki, 4 watu na taasisi mnaodaiana, 5 fedha, 6 gharama, 7 mapato. Anayejua maana hizo hawezi kuiweka 401 kati ya gharama hata akiwa na usingizi. Na kama mnatumia kitabu kilichochapwa kabla Kongo haijaingia OHADA mwaka 2012, kiwekeni pembeni, hata kama ni cha kaka aliyefaulu vizuri.

Kifaransa nakiongea bila shida, lakini kwenye disertasyo (insha ya kujenga hoja) sipiti nusu. Mwalimu anaandika tu “hakuna mpango”.
*Finalisti, Ruashi*

Anachotaka kuona ni kwamba ulijua unakwenda wapi kabla ya kuanza kuandika. Robo ya kwanza ya muda wako iende kwenye bruyo (karatasi ya rasimu). Geuza mada kuwa swali moja, andika majibu mawili yanayopingana, na chini ya kila jibu weka sababu mbili na mfano mmoja wa kweli. Utangulizi ufanye kazi tatu tu: ulete mada, uweke swali, utangaze njia utakayopita.

Tuchukue mada kama “Madini ni utajiri au ni mzigo?” Mwanafunzi wa Lubumbashi ana mfano mlangoni pake. Gécamines, kampuni ya Serikali ya madini iliyoanza mwaka 1967 kampuni ya Kibelgiji Union Minière ilipotaifishwa, ilitoa mishahara, shule na hospitali: hapo una tezi (jibu la kwanza). Kisha uzalishaji ukaporomoka miaka ya 1990, na miji iliyokuwa ikitegemea mwajiri mmoja ikaumia: hapo una antitezi (jibu linalopinga). Sinteze (sehemu inayounganisha majibu hayo) haitakiwi kusema “yote mawili ni kweli”. Iseme kwa sharti gani madini yanakuwa utajiri, kwa mfano pale mji unapokuwa na kazi nyingine pembeni ya mgodi.

Kila mfano ufuatwe na sentensi inayoeleza unathibitisha nini, la sivyo unasimulia tu. Na acha dakika kumi za kusoma upya kwa ajili ya upatanisho wa vitenzi peke yake. Anayekiongea Kifaransa vizuri hukosea hapo hasa, kwa kuwa sikio halisikii herufi zisizotamkwa. Kumbuka pia kwamba disertasyo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza humanite, inafanywa katika hors-session (sehemu ya awali), kabla ya siku nne za session ordinaire (sehemu kuu). Anayeiahirisha hadi mwisho wa mwaka atakuta imeshapita.

Shuleni wametuita kuhakiki orodha ya Exetat. Jina langu la katikati limeandikwa Ngoie, kwetu ni Ngoy. Nimeambiwa si kitu.
*Msichana wa komini ya Kenya, Lubumbashi*

Ni kitu kikubwa, dada. Linganisha nom, postnom (jina la katikati), prénom, mahali na tarehe ya kuzaliwa na cheti chako cha kuzaliwa pamoja na buleti za miaka iliyopita, herufi kwa herufi. Ukikuta kosa, liandike kwa barua, ambatisha fotokopi, mpe prefe nakala moja, nawe ubaki na nyingine yenye saini na tarehe ya kupokelewa. Orodha ikiwa bado shuleni, kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Diploma ikishachapwa, marekebisho ni ya Kinshasa, na wewe utakuwa unataka kuandikishwa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wakati karatasi zako zina majina mawili.

Ukiwa hapo, hakiki pia kwamba opsyo iliyoandikwa ni ile unayosoma. Shule binafsi inaweza kuwa na ruhusa ya opsyo moja na kufundisha mbili. Mzazi ana haki ya kuomba kuona hati ya agrément (ruhusa ya Serikali), na shule iliyo sawa haikasiriki kuulizwa.

Nimechoka na Latin-Philo, opsyo ya Kilatini na falsafa. Naweza kuhamia sayansi darasa la tatu?
*Kamalondo*

Hatukushauri. Utakuwa umekosa miaka miwili ya fizikia na kemia ambayo wenzako wameisoma, na Exetat haitakupunguzia maswali. Kwa sheria au lugha chuoni, diploma ya Latin-Philo inakutosha. Kama shabaha ni udaktari, zungumza na wazazi sasa kuhusu kurudi darasa la kwanza la sayansi. Ni vigumu kukubali, lakini inapoteza muda mchache kuliko kuanguka darasa la nne.